Si motari aliyevunja chupa

Ndugu wanamemba wa kooperative, mama zetu wa juisi ya maracuja, baba zetu wa mizinga, na ninyi vijana wa pikipiki: katika ukurasa huu mumezoea kutusoma juu ya mbegu, mbolea na ugonjwa wa mozaiki ya muhogo. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze juu ya chupa, na namna inavyofungwa nyuma ya pikipiki na kupelekwa sokoni. Wengine watasema hiyo haiko kazi ya agronome. Sisi tunasema ni kazi yetu, na tumechelewa kuifanya.

Tuanze na hesabu ndogo. Chupa ya bia ya santilita 72, ukiijaza asali, inashika kilo moja hivi, kwa sababu asali ni nzito kupita maji: litre moja ina karibu kilo moja na grama mia ine. Kilo moja ya asali si kazi ya siku moja. Kuna kutengeneza mzinga, kungojea nyuki, kupanda usiku na moshi, kuchuja kwa kitambaa safi. Chupa hiyo ikivunjika kwenye mashimo ya mbele ya Mugogo, kazi hiyo yote inaingia mu vumbi. Na chupa yenyewe imepotea pia, maana hata tupu tunainunua.

Sasa tuwaelezee kilichotufanya tuandike. Tulialikwa kwenye mkutano wa kooperative moja ya Walungu. Safari ya mwisho, chupa 40 za juisi na asali zilitoka kwenye depo. Zilizofika soko la Kadutu, Bukavu, zilikuwa 31. Komite ikaamua: motari alipe zote tisa, akatwe kidogo kidogo kwenye feza ya safari zinazokuja. Yule kijana akasimama, kofia mkononi, akasema: "Mama prezidente, haiko miye njo nilizivunja. Njia njo ilizivunja. Mulinipatia chupa mu mufuko, mukafunga na kamba, mukaniambia: enda."

Hakuna aliyemjibu. Lakini kukatwa alikatwa. Baada ya wiki mbili akaacha kuja, na vijana wengine wa parking ileile wakakataa mzigo wa chupa. Leo mama watatu wa kooperative hiyo wanabeba chupa mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, chupa kumi au kumi na mbili kila mmoja, mpaka mahali wanapopata gari. Mmoja wao ana mtoto wa miezi mitatu kifuani. Hiyo njo bei ya uamuzi ule.

Maoni yetu tunayasema wazi. Chupa inayovunjika njiani si deni la motari. Wala si bahati mbaya, wala si mapenzi ya Mungu. Ni kosa la vifaa, na kosa la vifaa linarekebishwa kwa vifaa. Kooperative inayotaka kuuza kitu cha ndani ya chupa inapaswa kuwa na sanduku la kubebea chupa kwenye pikipiki, sawa vile inavyokuwa na sufuria ya kuchemshia na mizani ya kupimia. Mbele ya kuomba mashine mpya kwa wafadhili, na sisi tukiwa ndani, mutengeneze sanduku.

Lakini mbele ya kuwahukumu wengine, tujihukumu wenyewe. Sisi tuliosoma kwenye institut ya agronomia tulifundishwa mavuno na yale yanayofuata: kukausha, unyevu wa nafaka, magunia, panya wa ghala. Tulipokuja kwenu tukafundisha kukamua maracuja, kuipasha juisi, kuijaza ingali moto, kufunga kizibo vizuri. Funzo letu linaishia kwenye mlango wa depo. Tunaandika kwenye ripoti: chupa 40 zimetengenezwa. Hatuandiki ngapi zimefika. Kumbe mkulima halipwi kwa chupa iliyotengenezwa. Analipwa kwa chupa iliyofika.

Na tulipoamua kusaidia, mara ya kwanza tulifanya vibaya. Tulikaa kwenye biro, tukachukua karatasi na rula, tukachora sanduku zuri sana la mbao, chupa 24, la kuwekwa nyuma kabisa juu ya portebagaji. Tukalipia fundi, tukapiga na picha. Siku ya kwanza, kwenye mpando wa kutoka Nyantende, gurudumu la mbele likaanza kunyanyuka, kwa sababu uzito wote ulikuwa nyuma na juu. Motari akashuka, akasukuma. Siku ya pili akatuomba radhi kwa heshima, akafungua sanduku, akaliacha kwa shangazi yake. Tulipopita tena tulikuta kuku amelalia mayai humo. Tulicheka, lakini feza ilikuwa ya watu.

Basi tukaanza upya, mara hii tukiwa wanne pamoja: motari anayejua njia, sudere wa kuchoma vyuma, mama anayepanga chupa, na sisi. Hatukuanza na karatasi. Tulianza kwa kukaa chini kando ya pikipiki na kuuliza kila mtu anaogopa nini. Haya njo tuliyojifunza, na tunawapa ili musirudie makosa yetu.

Kwanza, uzito ukae chini na katikati. Sanduku moja kubwa juu ni adui. Masanduku mawili madogo, moja kila upande wa gurudumu la nyuma, ni marafiki. Kila upande chupa 12, katika mistari miwili ya chupa sita sita, si mistari mitatu. Mistari miwili inaacha pikipiki nyembamba. Kipimo ni rahisi: sanduku lisipite upana wa usukani. Mahali usukani unapita, mzigo nao utapita.

Pili, pande zote mbili zilingane. Tulipima kwenye mizani ya depo: chupa tupu peke yake inapita nusu kilo. Ukijaza asali, chupa 12 zinapita kilo 18. Ukiweka asali upande mmoja na juisi upande mwingine, pikipiki itavuta upande wa asali, na motari atapigana nayo njia nzima. Changanya. Na ukifikisha chupa sita kwa mteja wa njiani, toa tatu huku na tatu kule.

Tatu, chupa isigusane na chupa. Hii njo siri yote. Chupa haivunjwi na shimo; inavunjwa na chupa jirani yake. Ndiyo maana wenye bia wanatumia kazie yenye vyumba. Kila chupa iwe na chumba chake, na ukuta wa chumba upande mpaka kwenye mabega ya chupa, usiishie kwenye tumbo. Sisi tulitumia tripleksi kwa kuta, kisha tukavisha vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ile mipira mizee ambayo kanika anaitupa. Chini pia tuliweka mpira, mikunjo miwili. Majani ya migomba yanasaidia safari moja, lakini yakikauka yanasagika, na chupa zinaanza kucheza.

Nne, chupa isimame. Ikilazwa, kizibo kinafanya kazi ambayo hakikuumbiwa. Na kama ni kasiksi au juisi ambayo imeanza kuchacha, hewa inasukuma kutoka ndani, jua linaongeza, mtikisiko unaongeza. Usijaze chupa ya namna hiyo mpaka mdomoni, na usiiweke karibu na bomba la moshi.

Tano, ni hilo bomba lenyewe. Linachoma. Upande wake, acha nafasi ya kiganja kizima kati ya bomba na sanduku, na weka bati katikati. Tuliona chupa ya juisi ikitoka pale ya moto kama chai.

Sita, fremu ya nje iwe ya chuma. Sudere wetu alitumia chuma cha betoni cha milimita 8, akapinda mviringo unaotoka nje kidogo kuliko sanduku. Pikipiki itaanguka. Musidanganyane kwamba haitaanguka: kati ya Septemba na Mei matope ya udongo mwekundu yanaangusha hata mwenye miaka kumi barabarani. Ikianguka, chuma kiguse ardhi mbele ya mbao. Chini ya sanduku toboa matundu ili maji yatoke, na lisishuke sana hadi likwame kwenye matope.

Saba, hili hatukulijua, motari njo alitufundisha. Alisema: "Sanduku lenu ni zuri, lakini nikishusha chupa saa ine, nitarudi na nini? Pikipiki haiko yangu, jioni niko na versement ya patron." Ni kweli. Wengi wa vijana hawa wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni wanapeleka kiasi walichopatana. Sanduku lililochomwa moja kwa moja kwenye pikipiki linamfungia abiria siku nzima. Kwa hiyo masanduku yetu yanashikwa na buloni ine kila upande, ekru mbili kwa kila buloni ili zisilegee, na ufunguo mmoja tu unatosha kuyatoa. Anayatoa Kadutu, anayaweka kwa mama anayepokea bidhaa, anafanya kazi yake ya abiria, jioni anayachukua. Siku ile alipotuambia jambo hili tulielewa kwa nini sanduku la kwanza lilikuwa na kuku.

Nane, kifuniko kifunguke haraka. Kwenye barriere wanataka kuona ndani. Kama itabidi kufungua kamba kumi, atakasirika yeye, atakasirika anayekagua, na chupa zitafungwa tena vibaya. Tuliweka bashi moja na kamba ya mpira moja kila upande.

Je, linafanya kazi? Tulijaribu kwanza na maji. Tunawasihi nanyi mufanye hivyo: jaza chupa maji, funga, endesha njia ileile, mwendo uleule. Maji hayana hasara. Safari ya maji ilivunja chupa mbili, kwa sababu vyumba viwili vilikuwa vipana kupita vingine. Tukaongeza mpira. Safari ya pili ya maji, chupa zote 24 zilifika. Kisha safari tatu za juisi na asali, jumla ya chupa 72: moja ilivunjika, na hiyo ni sisi tuliiangusha wakati wa kupakua. Hatusemi ni muujiza. Safari tatu ni chache, na mvua kubwa haijaja. Tunasema tu kwamba ukilinganisha na tisa kati ya 40, njia ni ileile na motari ni yuleyule wa namna yake. Kilichobadilika ni sanduku.

Kuko watu watauliza: sisi wakulima, tutaanza kuwa ma-enjenia? Tuwakumbushe chukudu. Nani alichora chukudu? Haikutoka kwenye biro wala kwenye kontena ya ng'ambo. Ni watu wa milima ya Kivu waliokuwa na viazi, makala na kabichi juu, na soko chini, wakachonga mti, wakavisha magurudumu mpira wa tairi, wakaweka kipande cha mpira nyuma cha kukanyaga ili kufunga mwendo. Kila sehemu ya chukudu imetoka kwenye mzigo fulani na mteremko fulani. Leo Goma wameisimamishia sanamu. Watu waliotengeneza chukudu hawawezi kushindwa na sanduku la chupa.

Wengine watasema: sanduku ni bei, kooperative haina feza. Tunawaomba wachukue kaye. Kwa muda wa miezi miwili, andika kila safari: zilizotoka, zilizofika, zilizovunjika. Tuseme soko ni mara moja kwa juma, na zinavunjika tano tu kila mara. Masoko manane ni chupa 40. Zidisha kwa bei ya chupa iliyojaa, kisha uende kwa sudere umuulize bei ya sanduku. Linganisha. Mara nyingi feza ya sanduku muko nayo tayari, ila munaimwaga barabarani kidogo kidogo, na kitu kinachomwagika kidogo kidogo hakilii.

Kuko pia hofu moja ya haki: tukisema motari halipi, si atakimbiza pikipiki sawa vile anataka? Hapana. Mupatane mbele, kwa karatasi, watu wawili wakiwa mashahidi. Kooperative inatoa sanduku zuri na chupa zilizopangwa vizuri. Hilo ni jukumu lake. Motari anakagua buloni mbele ya kuondoka, anakwenda mwendo mliopatana, habebi abiria juu ya mzigo. Hilo ni lake. Chupa zikihesabiwa mbele yake kutoka na mbele yake kufika, kila mtu anajua kosa ni la nani. Tena, ukimlipa kitu kidogo zaidi kwa safari ambayo zote zimefika, atakuwa mlinzi wa kwanza wa chupa zako. Mtu anayekatwa tu, bila kuongezwa hata siku moja, anajifunza jambo moja: kukimbia.

Jambo la mwisho tunalisema kwa uzito, kwa maana hapa si hasara ya feza tena. Siku ya kurudi, sanduku liko tupu. Na katika mji kuna depo ya dawa za shamba, na kooperative inahitaji dawa ya nyanya. Mtu atasema: si kuna vyumba vya chupa, tuweke humo. Tunawaomba, hapana. Dawa ikimwagika inaingia kwenye mbao na kwenye ule mpira, haitoki kwa kufuta. Kesho chupa ya juisi ya mtoto inakaa pale pale, na mtoto anaiweka mdomoni. Vilevile, musipunguzie dawa kwenye chupa ya bia au ya juisi, hata ikiwa "kidogo tu ya kujaribu". Dawa ibaki kwenye chupa yake ya kiwandani yenye maandishi yake, na isafiri kwenye mfuko wake peke yake, mbali na chakula. Andikeni juu ya sanduku kwa rangi kubwa: CHAKULA TU.

Kwa hiyo tunaomba kila kooperative ifanye mambo mane mbele ya maracuja ya msimu unaokuja. Muanze kaye ya chupa zilizotoka na zilizofika. Muite motari, sudere na mama anayepanga chupa wakae pamoja kando ya pikipiki, si mu biro. Mujaribu na maji mbele ya asali. Na mupatane na motari mbele ya safari, si baada ya hasara.

Nasi tumejipa kazi yetu. Kwenye ripoti zetu, mstari wa "chupa zilizotengenezwa" sasa unafuatwa na mwingine: "chupa zilizofika". Tuliomba pia komite ile ya Walungu imrudishie yule kijana feza aliyokatwa. Mama prezidente alisikiliza, hakukataa, hakukubali. Alisema mkutano utaamua. Masanduku mawili yako tayari kwenye depo yao, yamepakwa rangi, buloni ziko ndani ya kopo. Bado mtu wa kuyaendesha. Na mtu huyo, sisi tunaamini, hatarudi kwa sababu ya sanduku tu. Atarudi siku atakaposikia mtu amesimama kwenye mkutano na kusema: kijana, ulikuwa na haki.